Ziwa la Bishara

Haya, nyinyi mlionitukana wiki nzima kwa kuikata hadithi pale penye mlango wa hema, rudini tuingie ndani. Mmoja wenu ameniletea habari kwamba akinikamata atanifinya masikio. Nifinye, lakini nisikilize kwanza.

Gumato alikuwa amesimama na binti yake Sumayya mgongoni, ndani ya hema la utafiti lililopigwa pembeni mwa soko la Garsen. Daktari Nzai alikuwa ametoka kutamka maneno yaliyomkata maini.

"Mama Sumayya, yule bibi uliyetuletea si mama yako."

Na yule bibi mwenyewe, Bishara, alikuwa pale pale kwenye benchi, anatazama miguu yake.

"Rudia, daktari," Gumato akasema. "Labda Kiswahili changu kibovu."

"Damu zimerudi kutoka maabara ya ng'ambo. Yako na ya Sumayya zinafanana. Ya Bishara haimo kabisa."

"Basi maabara yenu inasema uongo! Mama yangu huyu! Nimekulia mgongoni mwake!"

Abdinur, mume wa Gumato, aliinuka kutoka kwenye kona aliyokuwa amechutama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mafuriko ya El-Nino yamalize malisho na homa imalize ng'ombe, hata hayo machache yalikuwa yamepungua.

"Daktari, unajua umesema nini mbele ya watu? Umesema mke wangu hana kwao."

"Sikusema hivyo, mzee."

"Umesema hivyo hivyo." Akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, mjibu huyu. Sema neno moja tu, tuondoke zetu."

Bishara hakusema hata hilo moja.

Abdinur alimtazama mpaka akachoka kumtazama. Kisha akaokota fimbo yake, akatoka nje bila kuaga mtu, na Gumato akajua kwamba huko nje hakwenda kupunga upepo.

Daktari Nzai alivuta kiti akakaa. Alikuwa Mgiriama mpole, kijana bado, lakini nywele zilikuwa zimeanza kumtoka kwa kubisha hodi kwenye milango ya wafadhili. Siku hiyo hata upole ulikuwa umemwishia.

"Nikueleze tena, mama. Katika mwili wa mtu mna vinu vidogo sana, havionekani kwa macho. Kazi yake kusaga chakula kiwe nguvu. Vya Sumayya ni vibovu. Ndiyo maana anaanguka kifafa, kope zinamlemea, miguu haimbebi. Na vinu hivi mtoto hapewi na baba. Hupewa na mama yake tu, hata kama mama mwenyewe hakuugua, na mama alipewa na mama yake."

"Hayo ulishaniambia."

"Ndiyo. Na niliwaambia wafadhili kwamba nimepata ukoo mmoja, bibi, mama na mtoto, ugonjwa umeshuka moja kwa moja. Ugonjwa wenyewe adimu, hakuna anayeujali. Wakakubali kutoa pesa za utafiti kwa sababu ya ukoo huo. Sasa wanaambiwa bibi ni mtu baki."

"Wanasemaje?"

"Wanasema mmetuletea ndugu wa kukodi, ili mpate ule unga na mafuta tuliyokuwa tunagawa."

Gumato alihisi uso unamwaka moto. Unga! Amezika watoto wawili, wote walianza na kope kulegea namna hii hii, na leo anaambiwa alimleta wa tatu kuja kuombea unga!

"Yule mzungu wao yuko uwanja wa ndege sasa hivi," Daktari Nzai akaendelea. "Barabara imekatika, kwa hiyo anangoja ndege ndogo. Ikifika atapanda, na pesa zitakwenda kwenye ugonjwa mwingine, nchi nyingine."

"Na Sumayya?"

Daktari akainamia karatasi zake.

"Daktari, nakuuliza. Na Sumayya?"

"Dawa haipo, mama. Ndiyo tulikuwa tunataka kuitafuta. Wakifunga mfuko, hakuna wa kuitafuta."

Hapo Gumato hakulia. Ningependa kuwaambia alilia, maana kilio kingempunguzia. Alikwenda akapiga magoti mbele ya Bishara, mtoto akiwa bado mgongoni.

"Mama, siku ile tulipotolewa damu uliapa. Ulishika msahafu, nilikuona."

"Niliapa."

"Uliapa uongo?"

"Sijaapa uongo tangu nizaliwe!" Bishara akang'aka, na macho yake yakatoka kwenye miguu kwa mara ya kwanza. "Nilichoulizwa ndicho nilichojibu. Kama huniamini, muulize huyo aliyeniuliza." Akaelekeza kidevu kwa Laban.

Laban alikuwa mkalimani wa utafiti, Mpokomo wa hapo hapo Garsen, kijana msafi anayenyoosha shati hata wakati wa mafuriko. Aliposikia anatajwa, alianza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Laban," Gumato akasema, "siku ile ulimuuliza mama yangu nini?"

"Kama nilivyoagizwa. Habari za ukoo wa mama."

"Sitaki maana. Nataka maneno yenyewe."

Laban aliweka chupa chini. "Nilisema... hebu kila mmoja aseme amenyonya ziwa la nani."

Daktari Nzai aliinuka kitini. "Ulisema nini?"

"Ziwa, daktari. Ndivyo tunavyosema. Watoto wa ziwa moja, si ndio ndugu?"

"Nilikuambia uulize nani kamzaa nani! Tumbo, Laban! Tumbo!"

"Daktari, nielewe! Kina mama wa Kiorma wamekaa pale, waume zao wamesimama na fimbo, mimi kijana mdogo nianze kuwauliza habari za matumbo yao? Nilitafuta neno la adabu."

Loo! Mmeona mambo? Watu wamepanda ndege, damu imevuka bahari kwenye barafu, wataalamu wamekodolea mitambo macho miezi na miezi, na kumbe kijana wetu aliona haya kutamka tumbo. Nami simcheki sana. Wangapi kati yenu mngeweza kulitamka mbele ya mama mkwe?

Gumato hakuwa na nafasi ya kucheka wala kukasirika. Alikuwa bado amepiga magoti.

"Mama," akasema polepole. "Ziwa ulinipa."

"Nilikupa."

"Na tumbo?"

Bishara alivuta mtandio akajifunika nusu ya uso. "Tumbo si langu. Maisha yangu yote nilikuwa naogopa siku mtu ataniuliza hivyo. Walipokuja na ziwa, nikasema alhamdulillahi, hili naweza kuliapia."

"Ni tumbo la nani?"

"Niliahidi nitakufa nalo."

"Sumayya ndiye atakufa nalo!"

Mtoto alishtuka mgongoni akaanza kulia, na kilio kile ndicho kilichomvunja Bishara. Maneno yakamtoka mbio mbio.

"Tulikuwa marafiki wa mtoni. Mimi nampelekea maziwa, yeye ananipa mahindi. Mimi nikajifungua mtoto, akafa mchanga, na mume wangu yuko mbali, machungani na ng'ombe. Yeye watoto wake walikuwa wakikua kidogo, wanalegea, wanakufa. Watu wa kwao wakasema ziwa lake ni chungu, ndilo linalowaua. Siku moja akanijia na wewe kwenye kanga, kitovu hakijakauka. Akaniambia, dada, huyu hajaonja langu hata tone. Mnyonyeshe wewe, awe wako, aishi. Na ukaishi! Basi tukajua kweli lilikuwa ziwa."

"Jina lake."

"Mwanaarusi. Mpokomo, wa kijiji cha Idsowe."

Gumato alimjua. Wallahi, alimjua! Mwanamke mrefu, mkimya, ambaye kila akija soko la Garsen hupita wauza maziwa wote na kuja kununua kwake.

Daktari Nzai alikuwa ameshavaa viatu vya mpira. "Yuko hai? Basi sikilizeni. Nikipata chupa moja ya damu yake, yule mzungu akaibeba mwenyewe, mfuko haufungwi mpaka maabara ijibu. Mimi nakwenda uwanjani. Nitazungumza, nitaimba, ikibidi nitalala mbele ya magurudumu. Laban, chukua sindano umpeleke mama Idsowe. Na Laban!"

"Naam, daktari."

"Uliza tumbo."

Bishara alikataa kwenda. Alibaki kwenye benchi, na Gumato alipofika mlangoni alimsikia anauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Sasa atakuja kuniita nani?" Gumato alitamani kurudi amkumbatie. Hakurudi. Ndege haikuwa ikimngoja yeye.

Mto ulikuwa umeacha njia yake. Mtumbwi ulipita juu ya mashamba ya mahindi, na vichwa vya migomba vilitokeza majini huku na huku. Laban alisukuma kwa upondo na kumwomba Mungu kwa Kipokomo.

"Mama, tunakwenda wapi?" Sumayya akauliza.

"Kwa bibi yako."

"Si tumemwacha kule?"

"Una mwingine."

Mtoto akafikiri kidogo. "Naye ana maziwa?"

Gumato akakaza kanga iliyomfunga mtoto mgongoni.

Idsowe ilikuwa imebaki kipande cha ardhi kilichoinuka, watu na kuku na magunia pamoja. Mwanaarusi walimkuta nyuma ya kibanda chake, anatandaza mahindi yaliyookolewa majini ili yasiote. Alipomwona Gumato, mkono wake ulisimama hewani. Kisha ukaendelea na kazi.

"Hodi hapa," Laban akasema.

"Karibuni. Kama mmekuja kuandika watu wa chakula, waliandikwa jana."

"Mama, si chakula. Nina swali, na uniwie radhi kabla sijaliuliza." Laban alikaza macho chini, masikio yamemwiva. "Huyu dada... ni wa tumbo lako?"

"Mimi nimzae Morma? Kijana, umelewa? Watoto wangu nimewazika wote. Nendeni zenu."

"Bishara ametuambia," Gumato akasema.

"Bishara kazeeka. Nendeni!"

Alikuwa ameshawapa mgongo. Gumato alifungua kanga, akamshusha Sumayya, akamkalisha kwenye mkeka mbele ya yale mahindi. Sumayya, kama kawaida yake, aliinua kidevu juu kabisa ndipo aweze kumwona yule mgeni kwa chini ya kope zake.

Mwanaarusi aligeuka. Gunzi la mahindi likamponyoka.

"Nani kamfundisha kuangalia hivyo?"

"Hakufundishwa. Hawezi kuangalia vingine."

"Wanangu waliangalia hivyo." Alisogea, akachuchumaa, akamshika mtoto uso kwa viganja viwili. Kisha akamrukia Gumato kwa sauti kali. "Huyu amenyonya kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe ulinyonya kwa Bishara! Hukuonja langu! Niliufunga kifua changu kwa kitambaa, maziwa yakajaa yakanipa homa, nikasema heri nife mimi! Sasa ugonjwa umempataje huyu?"

Laban alitazama pembeni. Hili hakuna mkalimani ambaye angeweza kulisema badala ya Gumato.

"Haukuwa kwenye ziwa," Gumato akasema.

"Ulikuwa wapi?"

Jamani, kuna maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mzazi wake siku ya kwanza anapokutana naye. Gumato aliyasema kwa sababu hakuwa na siku ya pili.

"Tumboni. Kwako, kwangu, kwake. Hukufanya kosa, na mimi sikufanya kosa. Daktari anasema hivyo."

Mwanaarusi alikaa chini, kwenye tope, juu ya mahindi yake mwenyewe.

"Basi nilikutoa bure," akasema.

Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, na Gumato alisikia moyo wake unachanika kwa mwanamke ambaye hadi asubuhi ile alikuwa mteja wake tu wa maziwa.

"Mama," Laban akasema kwa upole, "ni damu kidogo tu. Kuna watu wenye pesa za kutafuta dawa, na ndege yao..."

"Nimekusikia. Damu nitatoa. Chukua yote ukitaka." Mwanaarusi alijifuta uso kwa nyuma ya mkono, ukabaki na tope. "Lakini wewe binti, nisikilize. Miaka yote nanunua maziwa kwako. Nalipa, nachukua, naondoka. Kila siku nilijiambia, ukiniita mama nitakuua. Leo unaniambia haikuwa kweli. Basi niite kwanza. Mara moja. Watu wa hapa wasikie."

Majirani walikuwa wameshasogea. Gumato alifungua mdomo.

"Gumato!"

Sauti ilitoka majini. Abdinur alikuwa amesimama kwenye mtumbwi wa kukodi, fimbo mkononi, suruali imelowa hadi kiunoni. Bishara alikuwa amemwambia, au soko zima lilikuwa limemwambia. Garsen hakuna siri.

"Panda twende nyumbani."

"Baba Sumayya, nisubiri kidogo tu. Damu yake..."

"Wewe ni binti wa Bishara. Nilikuoa kwa baba yako, mume wa Bishara, yeye ndiye aliyenipa mkono mbele ya shehe. Kama hakuwa baba yako, ile ndoa nani aliifunga? Umefikiri hilo? Unataka Sumayya aitwe mtoto wa nini?"

"Nataka Sumayya awe hai!"

"Na wale wawili? Sindano si waliwachoma nazo? Niliwashusha kaburini kwa mikono yangu hii." Sauti ilimkatika. Msimchukie haraka huyu bwana, tafadhali. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. "Nimechoka, Gumato. Sasa sikia, na watu hawa wawe mashahidi. Ukimwita huyu mama, talaka yako imepita."

Majirani waliguna kwa pamoja. Laban alisahau kufunga mdomo.

Gumato alimtazama mumewe. Alimpenda, hilo mlijue. Alimpenda tangu alipokuwa kijana wa kuwanywesha ng'ombe, na hata pale, amelowa na amekasirika, alimpenda. Alimtazama Sumayya kwenye mkeka. Alimtazama Mwanaarusi, ambaye alikuwa ametoa macho kama mtu anayengoja hukumu.

"Mama," akasema.

Ilitoka ndogo. Akavuta pumzi.

"Mama! Huyu ni mama yangu! Mimi Gumato nimetoka tumboni mwake!"

Mwanaarusi alipandisha mkono wa gauni. Laban alifunga mpira, akatafuta mshipa, akachoma. Damu ikaingia kwenye chupa, nyeusi na taratibu. Kwa mbali, upande wa Garsen, mngurumo ulianza kusikika juu ya mawingu.

"Ndege!" mtu akapiga kelele.

"Nenda, Laban!" Gumato akamsukuma. "Usiningoje! Mpe daktari!"

Laban alikimbia na kisanduku kifuani, akaruka mtumbwini, akaanza kusukuma kwa nguvu zote. Gumato alimfuata kwa macho mpaka alipopita migomba. Alimshukuru Mungu. Akageuka kumchukua mwanawe.

Mkeka ulikuwa mtupu.

Abdinur alikuwa ameshaingia majini na Sumayya mikononi. Alimlaza mtumbwini kwa uangalifu, akapanda, akamwambia mwenye mtumbwi aondoke.

"Abdinur! Unampeleka wapi?"

"Nanighi, kwa ndugu zangu. Atasomewa. Wewe si mke wangu tena, na huyu ni mtoto wangu. Sindano haitamgusa."

"Bila yeye utafiti ni wa nini? Abdinur! Kwa jina la Mungu!"

Gumato aliingia majini mpaka magoti, mpaka kiuno. Mtumbwi ulikuwa umeshashika mkondo. Aliona mgongo wa mumewe, mgumu, haugeuki.

Halafu ukageuka.

Sumayya alikuwa amekakamaa, na mwili mzima ulikuwa unamtetemeka. Povu lilikuwa linamtoka. Mtumbwi ulianza kuyumba, maji yakaingia ndani. Abdinur, ambaye kila mara kifafa kilipomshika mtoto alikuwa anatoka nje na kuziba masikio, sasa alikuwa katikati ya mto na hakuwa na pa kutokea.

"Gumato!" akalia, akimwita mke aliyemwacha punde tu. "Gumato, nimshike wapi? Nifanyeje?"

"Mlaze ubavu!" Gumato akapiga kelele. "Ubavu, Abdinur! Kichwa kisiingie majini!"

Hakusikia. Ndege ilikuwa juu yao, inashuka kuelekea Garsen, na ngurumo yake ilimeza kila neno. Gumato alimwona anamwinua mtoto wima, vile vile asivyotakiwa kuinuliwa.

Gumato akajitosa. Nyuma yake Mwanaarusi alipiga ukelele, kwa sababu yeye alizaliwa kando ya mto na alijua jambo moja kuhusu mabinti wanaolelewa malishoni: hakuna anayewafundisha kuogelea.